Nimemlilia Mzee Nkuba, Kumbe Yuko Chumbani Ananisikia

Leo nimelia msiba wa mtu aliye hai. Sikulia pembeni nikijifuta kwa leso. Nimelia kwa kugaagaa, sare ya kazi ikiwa mwilini, mbele ya wakwe wa watu.

Ngoja nianze mwanzo, maana najua wapo watakaoisikia kesho sokoni Bariadi ikiwa imeongezwa chumvi. (Haihitaji chumvi.)

Wengi mnajua kazi yangu. Mimi ni nesi, ila si wa wodini. Nawafuata wagonjwa nyumbani kwao, wale ambao wamerudishwa kwa sababu kulala hospitali hakuwasaidii tena. Nabadilisha mipira ya mkojo, naosha vidonda, nagawa dawa za maumivu, nawaonyesha ndugu jinsi ya kumgeuza mtu kitandani asichubuke. Halafu nakaa. Huko kukaa hakumo kwenye fomu yoyote, lakini ndiko kunakochukua muda.

Mgonjwa wa leo namwita Mzee Nkuba. Si jina lake, na kijiji sikitaji, niseme tu ni nusu saa kwa pikipiki kutoka mjini. Na kabla hamjanishtaki kwa wakubwa kwamba natoa siri za wagonjwa, mwenyewe kanipa ruhusa. Kasema nikasimulie popote ninapotaka, maana siri nimeshaimaliza.

Mzee Nkuba ana kansa ya tezi dume. Ilipogundulika ilikuwa imeshafika kwenye mifupa ya mgongo. Nilianza kwenda kwake miezi saba iliyopita. Siku ile ya kwanza, nilipomaliza, mwanawe mkubwa, Shija, alinisindikiza hadi kwenye pikipiki. Shija ni mtu mzima, mkulima wa pamba, mkimya sana. Aliongea huku akiangalia tairi. Akaniomba nisimwambie baba yake kwamba ni kansa. Baba yake mdogo, alisema, aliambiwa neno hilohilo, akageukia ukutani, akakataa chakula, na wiki mbili hazikuisha.

"Mwambie ni mgongo wa uzee," alisema. "Nakuomba, nesi."

Nilijua sivyo nilivyofundishwa. Nikasema sawa, kwa sasa. (Hiyo "kwa sasa" ndiyo imekuwa miezi saba.)

Basi kila wiki nikawa nakwenda kumdanganya mzee wa watu kwa upole. Ananiuliza mgongo unaendeleaje. Namjibu unaendelea vizuri, baba, ni umri tu, jitahidi kutembea kidogo kidogo uchangamshe viungo. Anaitikia, "Wabeja, mayu," yaani asante, mama. Halafu anamwagiza binti yake, Kabula, anijazie chupa maziwa ya mgando. Kabula ni mjane, alirudi kwa baba yake baada ya kufiwa na mume, na ndiye anayemwosha, anayempikia, anayemwaga mfuko wa mkojo.

Kwenye hayo maziwa nako nina dhambi. Mimi ni mtu wa Bukoba na mgando unanishinda. Nilikuwa namwambia mzee nitakunywa nikifika nyumbani, halafu barabarani nampa dereva wangu wa bodaboda. Yule dereva amenawiri. Hata mkewe ameona.

Sasa leo.

Kwa wiki mbili zilizopita nilikuwa Mwanza kwenye mafunzo. Mwenzangu aliyenishikia zamu alipita kwa mzee mara moja tu. Na siku niliyomwacha mimi, hali yake ilikuwa mbaya. Alikuwa na homa, kichwa hakiinuki, anaongea na mkewe aliyekufa zamani. Mwanza nilikaa darasani na kalamu mkononi, lakini nilikuwa naona kile kichwa kwenye mto.

Asubuhi nilimpigia Kabula. Simu imezimwa. Nikapiga tena. Imezimwa. Nikabeba mkoba wangu, nikapanda bodaboda. Ni msimu wa pamba, malori yamepita huko yamejaa kupita kiasi, na miiba ya pembezoni imebaki na manyoya meupe. Kwa kawaida huwa nayapenda. Leo niliona kama pamba ya kuzibia maiti pua. (Ndiyo akili niliyokuwa nayo, msinishangae.)

Tulipokaribia, dereva akapunguza mwendo.

"Nesi," alisema, "kwa mzee kuna turubai."

Nikachungulia juu ya bega lake. Kweli, turubai la bluu, limefungwa kuanzia ukuta wa nyumba hadi kwenye nguzo mbili. Wanaume wamekaa kwenye viti upande mmoja, kimya, wameshika fimbo zao. Wanawake wamekaa chini kwenye mikeka. Sufuria kubwa tatu ziko motoni. Ngozi mbichi ya ng'ombe imeanikwa kwenye ua wa miiba. Dereva alizima pikipiki tukiwa bado mbali, akaiacha iserereke yenyewe, akavua kofia. Kwa hiyo sikuwa peke yangu niliyeelewa vibaya. Tofauti ni kwamba yeye alifunga mdomo.

Nikashuka. Kabula akatoka jikoni kuja kunipokea. Kajifunga kanga kiunoni, macho mekundu, anayafuta kwa kiganja. Akanisalimia kwa sauti ndogo. Halafu akanishika mkono.

"Umechelewa, nesi," alisema. "Mzee amekuulizia tangu asubuhi. Ndiyo kwanza amepumzika."

Amepumzika. Jamani. Mtu wa umri ule, kansa kwenye mifupa, turubai nje, ng'ombe kachinjwa, binti macho mekundu, anakwambia amepumzika. Nyie mngeelewa nini?

Miaka kumi na moja nipo kwenye kazi hii. Nimefunga macho ya watu wengi. Sijawahi kulia mbele ya ndugu. Huwa nangoja nifike kwangu, nifungulie maji ya bafuni, ndipo nilie kidogo na kuendelea na maisha. Hata leo nadhani ningejikaza. Kilichonimaliza ni lile neno, amekuulizia tangu asubuhi. Nikamwona amelala pale, anasubiri nesi aje amwambie mgongo unaendelea vizuri.

Nikajitupa chini. Mkoba ukaenda upande wake, mimi upande wangu.

Kwetu mtu haingii msibani kimya, na inaelekea miaka yangu ya shule haikuniondolea hilo. Nililia kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Nikaviringika mpaka karibu na dirisha la chumba chake, nikaanza kumwambia yote niliyoshindwa kumwambia kwa miezi saba. Nikasema, baba, nisamehe, nilikudanganya. Nikasema haukuwa mgongo wa uzee, ilikuwa kansa, imetoka kwenye tezi ikaingia kwenye mifupa, na nilijua tangu siku ya kwanza kwamba haitapona. Nikasema Shija ndiye aliyenikataza. Nikasema na yale maziwa, baba, sikuyanywa hata siku moja, alikuwa anakunywa bodaboda. (Dereva, aliyekuwa amesimama na kofia kifuani, inasemekana alisogea nyuma ya mti.)

Nilivyosimuliwa baadaye, kilichotokea uani ni hivi. Wale watu kwenye viti na mikeka walikuwa wakwe. Wametoka upande wa Mwandoya kuja kukamilisha posa ya Minza, binti wa Shija. Hawakuwa wamemaliza hata saa moja tangu wafike, wamekaa kwa adabu ya ugenini, wanangoja mwenye nyumba apumzike kidogo ndipo atoke awapokee. Wameambiwa mzee ana mgongo. Ghafla anaingia nesi wa serikali, na sare yake, na mkoba wa dawa, anajitupa chini analia. Nani atabishana na nesi?

Mama mmoja wao, mnene, mtu mzima sana, ambaye nilikuja kujua ni shangazi wa bwana harusi, aliangusha kilemba chake na kuanza kulia kwa nguvu. Wenzake wakampokea. Wanaume wakasimama na kuvua kofia. Jirani aliyekuwa anang'oa mabua ya pamba alisikia kutoka shambani kwake akaja mbio na jembe. Mke wa jirani akaja. Watu wa njiani wakaingia.

Na Kabula, ambaye macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa jikoni tu, na dakika tano zilizopita alikuwa amemfunika baba yake shuka akiwa na nguo zake za kupokea wageni, naye akaanza kulia. Alimwacha anapumua. Lakini alipoona nesi anavyolia akadhani labda kuna kitu sisi manesi tunakihisi.

Mimi sikuona lolote kati ya hayo. Nilikuwa nimelala kifudifudi.

Nilichogundua ni kwamba kilio kimepungua. Kilikatika kuanzia mlangoni kuja nyuma, mmoja baada ya mwingine, mpaka nikabaki nasikia sauti moja tu, na sauti hiyo ni yangu, na bado niko kwenye sehemu ya "nilikudanganya". Mtu akanigusa bega. Nikainua uso.

Niliona viatu. Viatu vyeusi vya ngozi, vimepigwa rangi, na kamba zake zimelegezwa mpaka mwisho kwa sababu miguu imevimba. Ile miguu naijua. Naibonyeza kila wiki kuangalia maji. Nikapanda na macho, suruali ya kitambaa, koti, mfuko wa koti umetuna kwa sababu amechomeka ndani yake mfuko wa mkojo ili wageni wasiuone. Shati jeupe. Halafu uso.

Alikuwa amesimama mlangoni, fimbo mkono mmoja, mkono mwingine kwenye ukuta.

"Mwanangu," aliniuliza, "unanililia mimi?"

"Ndiyo, baba," nikasema.

Kulikuwa na jibu lingine?

Sikilizeni, kama watu wangecheka pale, ningepona. Hakuna aliyecheka. Wote walikuwa wamesikia. Dirisha la mzee liko hatua mbili kutoka nilipokuwa nimelala, na halina kioo, lina wavu tu. Alisikia kansa, akasikia mifupa, akasikia haitapona, akasikia jina la mwanawe. Ukoo wake umesikia, majirani wamesikia, wakwe aliotaka wamwone na viatu vilivyopigwa rangi wamesikia. Shija alikuwa ametoka zizini anakimbia, akafika, akasimama katikati ya ua, mikono inaning'inia.

Msemaji wa wakwe, mzee mwenye kanzu fupi na koti, alijikohoza. Kwa upole kabisa akauliza kama ingefaa wao waondoke leo warudi siku nyingine, maana wanaona nyumba ina mambo. Mzee Nkuba akainua fimbo kidogo. Akawaomba wakae, wale kwanza, yeye anaingia ndani dakika chache na hawa wawili. Hawa wawili ni mimi na Shija.

Chumba chake ni kidogo, na tangu mavuno yaanze kimekuwa kidogo zaidi kwa sababu magunia ya pamba yamepangwa mpaka darini upande mmoja. Kina harufu ya pamba na dawa. Alikaa kitandani polepole sana, akiteremka kama mtu anayeshusha kitu cha kuvunjika. Mimi nikapiga magoti pale chini, nywele zimejaa vumbi. Shija akasimama ameegemea magunia.

"Yale uliyoyasema nje, yaseme tena," mzee aliniambia. "Taratibu. Mtu akiongea amelala chini sisikii vizuri."

Nikamwambia. Safari hii nilimwambia kama nilivyopaswa kumwambia tangu mwanzo, kwa maneno mafupi, bila kulia. Ugonjwa ni upi, umeanzia wapi, umefika wapi. Akasikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza kama mvua za kulimia ataziona. Nikamwangalia Shija. Halafu nikaona hiyo ndiyo tabia iliyotufikisha hapa, nikaacha kumwangalia Shija.

"Sidhani, baba," nikasema.

Kuna watu husema mgonjwa huwa anajua mwenyewe, hata usipomwambia. Wapo wanaojua, kweli. Huyu hakuwa anajua. Nilikuwa mbele ya uso wake, niliona neno likiingia. Alitazama mikono yake, akaigeuza, akaitazama upande wa pili. Nje walikuwa wanagawa sahani, tunasikia.

Alipoongea hakuongea habari za kufa.

"Uliniambia nitembee," alisema. "Basi kila alfajiri nikawa nazunguka zizi. Nilianza mizunguko kumi. Ikawa sita. Juzi, homa ilipoisha, nikajaribu tena nikashindwa hata mmoja, nikakaa chini nikajitukana. Nilikuwa naona mimi ni mvivu, mwanangu. Naona nesi ananihangaikia na mimi sijitumi."

Mnaelewa? Mgongo ule. Mifupa ile nimeiona kwenye picha. Mtu mwenye mifupa ile haombwi hata kukaa wima. Yeye alikuwa anaamka kabla ya ng'ombe, anazunguka zizi kwa maumivu yale, kwa sababu mimi nilitafuta la kusema siku moja nikakosa, nikasema tembea.

Akaendelea. Dawa ya maji ya maumivu niliyomwachia, alikuwa anakunywa nusu ya kipimo. Hakutaka mwili uizoee, kwa sababu akipona ataiacha. Akamwelekeza Shija chini ya kitanda. Shija akainama, akatoa chupa nne, zote zimefika nusu, zimefungwa vizuri kwenye kitambaa.

Nikamwomba msamaha, nikamweleza na hofu ya Shija kuhusu yule baba mdogo. Sina kumbukumbu ya maneno, na hayakuwa mengi. Shija aliteleza na yale magunia mpaka chini, akajifunika uso kwa ile mikono yake mikubwa, na mtu mzima yule akalia bila sauti, mabega tu. Baba yake alimwacha alie. Halafu akamwambia kwamba yule baba mdogo aligeukia ukutani kwa sababu ndivyo alivyokuwa tangu utoto, mtu wa kususa.

"Mimi nilikuwa na kazi za kumaliza," alisema. "Mmeniibia miezi saba."

Hakusema kwa ukali. Ingekuwa afadhali angesema kwa ukali.

Baada ya hapo ndipo akamtaja Holo. Miezi saba nakwenda pale, sikuwahi kusikia jina hilo. Holo ni binti yake wa mwisho, yuko Kiloleli, ana duka dogo la nguo. Miaka sita iliyopita alimkimbia mume, mzee akalazimika kurudisha ng'ombe wa mahari mbele ya kijiji kizima, akasema hataki kumwona tena. Hasira ilikuwa imeshaisha zamani. Ila alitaka mgongo ukipona apande basi aende mwenyewe, asimame mlangoni kwake kwa miguu yake. Hakutaka Holo amkute amelazwa. Kwa ajili ya hilo ndiyo alikuwa anazunguka zizi.

"Mpigieni," alisema.

Simu ya Kabula haikuwa na chaji (umeme wa sola wote ulikwenda kwenye redio ya wageni), ya Shija haikuwa na vocha. Nikatoa yangu. Shija akanisomea namba. Holo akapokea mara moja. Nikajitambulisha kwa adabu zote za kazi, nikasema habari za leo, dada, mimi ni nesi ninayemhudumia baba yako.

Sikufika mbali. Upande wa pili ulikuwa ukelele mmoja mrefu, na kitu kikaanguka, na watu wakaanza kuuliza kuna nini. Nikasema hapana dada, subiri dada. Hanisikii. Mzee akaninyooshea mkono, nikampa simu.

"Holo," alisema. "Sijafa. Huyu nesi ana tabia ya kuwahi."

Kisha aliigandamiza simu sikioni, macho ameyafumba. Nilisikia sauti ndogo upande wa pili ikiongea, ikikatika, ikiongea. Akasema neno moja, njoo. Akasikiliza. Akasema hapana, si kesho kutwa, kesho. Nikamshika Shija mkono tukatoka, tukamwachia chumba.

Huko nje Kabula alikuwa ameniwekea beseni la maji. Alinishika kichwa kama mtoto akanisafisha vumbi. Ndipo akanieleza jinsi alivyolia na yeye akijua kabisa baba yake yu hai, na tukajikuta tumecheka kidogo, wote wawili, kile kicheko cha kujizuia. Halafu kicheko chake kikaisha. Akaniuliza kama ni kweli. Nikamwambia ni kweli.

"Mimi ndiye ninayemwosha," alisema. "Mngeniambia hata mimi."

Alimwaga yale maji machafu, akaenda kuendelea kupakua wali. Katika yote ya leo, huko kugaagaa, viatu, simu, hilo neno lake ndilo ambalo nikifumba macho linarudi.

Mzee alitoka akiwa ameshikwa na Shija. Akakaa kwenye kiti kilichokuwa kimewekwa kwa ajili yake, akawasalimu wakwe mmoja mmoja kana kwamba ndiyo kwanza anawaona. Akasema wamesikia kwa masikio yao, kwa hiyo hana la kuwaficha, ni kweli anaumwa ugonjwa usiopona. Akasema harusi ilipangwa mwakani baada ya mavuno, na kwa hesabu ya nesi, mwakani yeye hayupo. Akawaomba, kama hawaoni vibaya, waisogeze iwe mwezi ujao, maana angependa kumwona mjukuu wake akitoka nyumbani, na angependa awe amekaa kwenye kiti, asiwe amelazwa.

Wakwe walisogea pembeni kushauriana. Nilijua naweza kuwa nimeivunja ndoa ya mtoto wa watu. Nilisimama karibu na sufuria nikihesabu makaa. Walirudi. Msemaji wao akasema wao hawakuja kuoa mgongo wa mzee, wamekuja kuoa Minza, na mwezi ujao si mbali, watajipanga. Akasema pia, kwa heshima, kwamba siku hiyo wangeomba nesi akae nao kwenye viti tangu mapema, asifike katikati ya shughuli.

Hapo ndipo watu walipocheka. Walicheka jamani, mpaka yule jirani mwenye jembe akaliegemea. Minza, aliyekuwa jikoni, alitoka akapiga magoti mbele ya babu yake akaanza kulia, na mzee akamwambia anyamaze, machozi ya leo nesi ameyamaliza yote. Wakaongeza kucheka. Yeye mwenyewe alicheka akashika kiuno, na nikaona maumivu yanavyopita usoni, nikaenda kuchukua chupa.

Nikampimia kipimo kizima. Alikitazama kile kikombe kidogo kwa muda. Akakinywa chote, bila kubakiza. Baada ya nusu saa mabega yake yalishuka, ule mkunjo wa kati ya nyusi ukalegea, nikagundua kwamba kwa miezi saba sikuwahi kuuona uso wa mzee huyu bila maumivu. Nilidhani ndivyo alivyoumbwa.

Wakati naondoka, yule shangazi mnene alinifuata mpaka kwenye pikipiki. Nikajiandaa kusemwa. Akaniomba namba yangu ya simu. Alisema amehudhuria misiba mingi Meatu nzima, na hajaona mtu analia kwa moyo namna ile, kwa hiyo siku yake ikifika angependa nipewe taarifa. Nimempa.

Sasa niko kwangu, jioni, sare iko kwenye ndoo na maji yamekuwa ya rangi ya chai. Kesho Holo anakuja na nimeombwa nipite. Na keshokutwa nina mgonjwa mwingine, mama wa watu wazima wanne, ambao nao waliniita pembeni mwezi uliopita wakaniomba nisimwambie mama yao kitu. Niliwaambia sawa, kwa sasa. Nimeshawatumia ujumbe kwamba nikifika nataka tukae wote sebuleni, na mama mwenyewe akiwepo, nikiwa nimekaa kwenye kiti.

Mnaocheka, chekeni polepole. Bado nina mchanga masikioni.